Kukaribisha Mara Moja

Kila siku ya shule, kabla jua halijachomoza vizuri nyuma ya kilima cha Rebero, cherehani ya Bwana Usumani ilikuwa imekwisha kuanza kunguruma barazani. Binti yake wa pekee, Swafiya, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, hakuhitaji saa ya kumwamsha. Aliusikia mlio ule, akaamka, akafagia ua, akateka maji bombani, kisha akamsaidia mama yake kusukuma chapati za kuuza. Halafu alivaa gauni lake la buluu, akaipanda njia ya udongo mwekundu inayotoka mtaa wao wa Biryogo, mjini Kigali, kwenda shuleni juu kilimani, huku akiwasalimia majirani nyumba baada ya nyumba.

Nyumba ya Bwana Usumani ilikuwa na sheria zake, nazo hazikuandikwa popote. Mtoto hali chakula akitembea njiani. Mtoto hatupi jicho katika sahani ya mwenzake. Mtoto akikaribishwa chakula katika nyumba ya watu hujibu, "Asante, nimeshiba," hata kama utumbo umejifunga fundo kwa njaa. Anayepokea kwa neno la kwanza huitwa kwa Kinyarwanda inda nini, yaani tumbo kubwa, mlafi, na jina hilo likishamganda mtu mtaani halibanduki. Sheria hizo hazikuwa za Waislamu wa Biryogo peke yao. Wakristo wa ng'ambo ya barabara walizifuata vilevile, na watu wa vijijini walizishika kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo, sheria ya kukataa ilikuwa na pacha wake. Mwenyeji naye hakuruhusiwa kuliamini neno la kwanza la mgeni. Alipaswa kukaribisha mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka mgeni apate njia ya kukubali bila kujivunjia heshima.

"Anayekaribisha mara moja," Mama Swafiya alizoea kusema, "anamfukuza mgeni kwa lugha nzuri."

Swafiya alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu akiwa mgongoni.

Mukunde aliingia darasani mwao mwezi wa Aprili mwaka 1993, mara baada ya likizo ya Pasaka. Vita vya kaskazini vilikuwa vimewang'oa watu wengi katika vijiji vya Byumba tangu mwezi wa pili, nao walikuwa wametapakaa kandokando ya Kigali na mikeka yao kichwani. Mwalimu Karangwa alimshika bega, akamsimamisha mbele ya ubao.

"Huyu ni mwenzenu Mukunde," alisema. "Amekuja kwa miguu yake kutoka mbali kuliko mtu yeyote humu ndani. Mpeni nafasi."

Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya Swafiya.

Mukunde alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Gauni lake la shule lilikuwa la kuazima, na upindo wake ulikuwa umefumuka upande mmoja. Aliishi na mama yake, Mukankusi, katika chumba kimoja kwenye mteremko wa Kimisagara. Kila alfajiri mama huyo alishuka sokoni Nyabugogo kuwachambulia wafanyabiashara maharage, na ujira wake ulikuwa zile punje zilizovunjika. Hayo yote Mukunde aliyasema siku ya kwanza kwa maneno machache, kisha hakuyarudia tena.

Baada ya wiki mbili, Swafiya alijua kwamba amepata rafiki. Mukunde alimweleza hesabu za sehemu kwa kuchora mashamba na mipaka, hata zikamwingia akilini kuliko alivyozielewa wakati wowote. Swafiya naye alimfundisha Kiswahili cha Biryogo, maana mgeni huyo alikuja akijua Kinyarwanda tu. Neno la kwanza la Kiswahili ambalo Mukunde alilisema bila kusitasita lilikuwa "nimeshiba".

Saa sita mchana kengele ilipolia, wanafunzi wa Biryogo walishuka pamoja kwenda kula makwao. Walioishi mbali walibaki shuleni na vifurushi vyao vya viazi vitamu. Mukunde hakuwa na kifurushi. Alisimama karibu na lango, mikono nyuma, akitazama bonde la Nyabugogo, penye stendi, kama mtu anayehesabu mabasi.

Siku ya kwanza Swafiya alimwendea kwa moyo mweupe.

"Mukunde, twende kwetu ukale."

"Asante, nimeshiba," alijibu Mukunde, akainamisha macho kama apasavyo mtoto aliyelelewa.

Swafiya alifungua kinywa ili amkaribishe mara ya pili. Hapo ndipo Shami, binti wa mwenye duka, alipomvuta mkono. Shami ndiye aliyekuwa mbele ya kundi la wasichana wa Biryogo katika kila jambo. Alichokicheka kilichekwa na wote, na aliyemwacha nyuma aliachwa na wote.

"Wee Swafiya, huna masikio? Mwenzio amesema ameshiba."

"Anasema tu. Unajua watu wanavyosema."

"Unataka kumburuta? Wewe ni mama yake?" Shami aliinua sauti ili kundi zima lisikie. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Jembe lenyewe atalibeba? Mtazame mikono yake!" alidakia mwingine.

"Mkiwaonjesha chungu chenu mara moja hao wa vitani, kesho mtawakuta jikoni na mikeka yao. Na wewe Swafiya tutakuita mkuu wa kambi ya wakimbizi!" Shami alimalizia.

Wasichana waliangua kicheko. Swafiya alihisi uso wake ukiwaka. Alimtazama Mukunde, ambaye hakugeuka, kisha akawatazama wenzake waliokuwa wakimsubiri. Naye akacheka. Hakuona lolote la kuchekesha, lakini alicheka, kisha akateremka nao.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila mchana, akipita langoni, Swafiya alisema haraka, bila kusimama, "Mukunde, karibu kwetu," na Mukunde alijibu, "Asante, nimeshiba." Shami hakuweza kumcheka, kwa kuwa hakumlazimisha mtu. Mama hangeweza kumlaumu, kwa kuwa alikuwa amekaribisha. Neno moja lilitosheleza pande zote mbili, na Swafiya alilishika kama mtu aliyeshika risiti.

Jioni moja Mama Swafiya alimuuliza, akiwa anageuza chapati juu ya kikaango.

"Yule mwenzio wa Byumba, yule anayekufundisha hesabu, mchana hula wapi?"

"Hubaki shuleni, mama. Humkaribisha, lakini husema ameshiba."

"Humkaribisha mara ngapi?"

Mafuta yalilia kikaangoni. Swafiya aliokota kijiti, akakivunja vipande viwili.

"Tatu," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi ana chakula kwao, Mungu ashukuriwe. Mtu hakatai mara tatu kama hana."

Usiseme kwamba Swafiya alikuwa mtoto mbaya. Aliposema uongo huo, aliirudisha sahanini chapati aliyopewa. Alijiahidi kwamba kesho angesimama langoni na kukaribisha mara tatu, Shami aseme atakalo. Kesho ikaja, Shami akamshika mkono, na Swafiya akapita. Kesho kutwa ikawa vivyo hivyo.

Mvua za masika ziliendelea. Mukunde alianza kwenda bombani mara kwa mara wakati wa mapumziko, akinywa maji mengi, kisha akirudi akiwa amejishika tumbo. Maandishi yake, ambayo Mwalimu Karangwa aliyasifu kwa unadhifu, yalianza kupanda na kushuka mistarini. Siku moja alitetemeka hata meza waliyoandikia ikacheza.

"Unaumwa?" Swafiya alimnong'oneza.

"Ni baridi ya mvua."

"Umekula asubuhi?"

Mukunde alimtazama kwa muda, kana kwamba swali hilo lilikuwa na mlango ndani yake. Kabla hajajibu, Mwalimu Karangwa aligonga ubao, na wote wawili wakatazama mbele.

Siku ya tatu baada ya hapo, Mwalimu Karangwa alimwita Mukunde ubaoni akokotoe hesabu ya sehemu. Aliandika mstari wa kwanza vizuri. Katika mstari wa pili chaki ilianza kuteremka, ikachora mstari mrefu mweupe mpaka chini ya ubao, naye akaufuata, akalala sakafuni bila kelele. Darasa lote lilisimama. Mwalimu Karangwa alimbeba mikononi mwake kama mzigo mwepesi wa majani, akatoka mbio kuelekea kituo cha afya.

Alirudi alasiri, uso umemkauka.

"Mwenzenu ana malaria," alisema, "lakini muuguzi anasema malaria imekuta nyumba tupu. Mtoto huyu hajala chakula cha mchana kwa wiki nyingi, na siku nyingine hata cha usiku hakupata. Tumempa uji akakataa. Anasema ameshiba. Hana nguvu ya kuinua kichwa, na bado anasema ameshiba! Asipokula, dawa haitamsaidia." Aliwatazama mmoja mmoja. "Mimi ni mwalimu wake, nami sikuona. Je, hapa hakuna aliyekuwa akipita pale langoni mchana?"

Shami aliinama, akawa anafuta daftari lililokuwa safi. Swafiya alitaka kusimama, lakini miguu yake ilikuwa imezoea kufuata ya wenzake, na ya wenzake haikusogea.

Alikimbia nyumbani peke yake. Alimkuta mama yake akimhesabia mteja chapati, naye baba akiendesha cherehani.

"Mama, nilikudanganya," alisema mbele ya mteja, mbele ya kila mtu. "Nilikuwa namkaribisha mara moja tu. Kila siku mara moja. Sikutaka akubali, kwa sababu wenzangu wangenicheka. Sasa yuko kituo cha afya, naye hataki kula."

Cherehani ilinyamaza. Mama Swafiya aliketi juu ya kigoda taratibu. Swafiya alisubiri kofi. Angelipokea kwa furaha.

"Nami nikamshukuru Mungu kwamba ana chakula kwao," mama alisema kwa sauti ndogo. Kisha akainuka. "Baba Swafiya, utawasha jiko la pili. Wewe, lete unga wa mtama na yale maziwa."

Kituo cha afya kilikuwa na chumba kimoja kirefu cha wagonjwa. Mukunde alilala kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, na blanketi halikuonyesha kwamba chini yake kuna mtu. Kando yake aliketi mwanamke mwenye vumbi la maharage katika nyusi na kope zake. Huyo alikuwa Mukankusi. Alipowaona wageni alisimama, akarekebisha kitenge chake, akawasalimu kwa heshima kubwa, kana kwamba anawapokea katika ua wake mwenyewe huko Byumba.

Mama Swafiya alikifunua chungu walichokuja nacho, akamimina uji katika bakuli, akamsogelea mgonjwa.

"Pokea, mwanangu. Una maziwa ndani yake."

Midomo ya Mukunde ilikuwa imepasuka. "Asante, mama. Nimeshiba."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Nimeshiba."

Alimtazama mama yake mzazi upande wa pili wa kitanda, kama mwanafunzi anayetaka kujua kama amejibu sawasawa. Mukankusi aligeuza uso dirishani.

Hapo Swafiya alipiga magoti kando ya kitanda. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Mukunde, mimi nilikukaribisha mara moja, na nilijua maana yake. Mama alinifundisha. Nilikuwa nakufukuza. Nilikuona ukinywa maji bombani, nikajifanya sikuoni. Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini kula kwanza."

Mvua ikipiga juu ya bati, Mukunde alimgeuzia uso.

"Nilijua," alisema. "Kila siku nilikuwa nasubiri ya pili."

Hakusema kwa hasira, na kukosekana huko kwa hasira ndiko kulikomchoma Swafiya hadi mfupani. Alikumbuka mgongo ule langoni, mikono ile iliyofungwa nyuma, siku ishirini na zaidi. Hakuwa akihesabu mabasi. Alikuwa akisubiri neno moja dogo kutoka kwa mtu aliyekuwa nalo mdomoni.

"Ya pili ni hii," Swafiya alisema kwa kwikwi. "Karibu. Na ya tatu ni hii, karibu. Na ya nne, na ya tano. Sitanyamaza, Mukunde. Nitakaribisha mpaka watufukuze humu."

Mukunde alimtazama tena mama yake. Safari hii Mukankusi hakugeuka. Alichukua bakuli mikononi mwa Mama Swafiya, akaketi kitandani, akamwinua binti yake kichwa.

"Kula, Mukunde," alisema. "Aliyekufundisha kukataa ni mimi, na leo mimi ndiye ninayekuruhusu."

Mukunde alifungua kinywa. Kijiko cha kwanza kilimwagika nusu, cha pili kikapita, na cha tatu pia. Muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni alirudi kazini kwake. Bakuli lilipofika katikati, Mukunde alifumba macho, akalala usingizi, na pumzi yake ikawa na utulivu.

Ndipo Mukankusi alipoanza kusema, akimwelekea Swafiya zaidi kuliko mtu mwingine.

"Binti yangu, usibebe mzigo huu peke yako. Sisi kwetu tulikuwa na ng'ombe. Hakuna mpita njia aliyetoka uani kwetu bila kunywa. Nilipewa mila hiyo na mama yangu, nami nikampa Mukunde: usionyeshe njaa yako, usiwe mzigo kwa watu. Tulipokimbia mwezi wa pili, nilikuwa na mtoto mwingine mgongoni. Aliitwa Rwema. Alikuwa na miaka miwili."

Alilainisha ukingo wa blanketi.

"Siku ya tatu njiani, mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwake na kibuyu cha maziwa. Akaniambia, 'Karibu, mpe mtoto.' Nami nikajibu, 'Asante, tumekunywa.' Nilisema hivyo kwa mdomo mkavu! Nilijua ataniambia tena. Lakini barabara ilikuwa imejaa watu, wote wana njaa, naye akaniamini. Akampa mwingine. Rwema tulimzika kesho yake kando ya barabara, na sikuwa hata na jembe langu mwenyewe."

Mama Swafiya alijifunika mdomo kwa mtandio wake. Swafiya hakuthubutu kuinua macho.

"Kwa hiyo nisikilizeni vizuri," Mukankusi aliendelea, na sauti yake ilikuwa imara. "Sisemi tutupe mila zetu. Adabu ya kukataa ni nzuri, kwa maana inamzuia mlafi. Adabu ya kubembeleza ni nzuri, kwa maana inamtafuta mnyonge. Wazee wetu walizifunga pamoja kama kuni katika mtita mmoja. Sisi tumezifungua. Mimi nilishika kukataa, nikasahau kwamba mila ilitengenezwa ili imlinde mtoto, wala mtoto hakuzaliwa ili ailinde mila. Wewe, binti yangu, ulishika nusu ya kukaribisha, ile nusu isiyogharimu kitu. Na wenzako walishika kicheko, kwa kuwa kila mmoja alimwona mwenzake akicheka. Watu wakifanya jambo wote, usiulize kama ni la wengi. Uliza linamuumiza nani."

"Nisamehe, mama," Swafiya alisema.

"Nimekusamehe. Lakini kesho utapita tena pale langoni, na wenzako watakuwepo. Hapo ndipo msamaha huu utakapoonekana kama una miguu."

Mvua ilikuwa imepungua. Mama Swafiya alifuta macho, akafunua tena chungu. Ulibaki uji wa bakuli moja. Aliumimina wote, akamnyooshea Mukankusi.

"Nawe, mama Mukunde. Hujala tangu uje hapa. Karibu."

Mukankusi alilitazama bakuli. Mwili wake wote ulirudi nyuma kidogo, kama ulivyofundishwa tangu utoto, na maneno yale mawili ya zamani yakafika mpaka mdomoni, Swafiya akayaona yakifika. Kisha mwanamke yule alimtazama binti yake aliyelala. Akafumba midomo, akameza mate, akanyoosha mikono yote miwili, na kwa neno la kwanza kabisa akapokea, akanywa huku akilia.